MASHINDANO YA MASWALI NA ZAWADI YA SAFARI

(Hotuba ya Halmashauri iliyosomwa mbele ya wanachama, Bariadi)

Bwana Mwenyekiti, wazee wetu, mabibi na mabwana wanachama,

Sisi wa Halmashauri tumesimama mbele yenu leo kwa habari mbili. Ya kwanza ni habari ya aibu, nayo ni aibu yetu wenyewe. Ya pili ni shauri, nalo twaliweka mikononi mwenu, mlikubali ama mlikatae. Zote mbili zahusu jambo moja, nalo ni mashindano ya maswali ambayo zawadi yake ni safari ya mapumziko.

Jambo hili si geni kwetu kama wengi wadhanivyo. Sote tulipata kukaa jioni pamoja na bibi na babu, tukategwa vitendawili. Mtegaji husema, "Kitendawili!" nasi hujibu, "Tega!" Tukijua twafumbua, tukishindwa hudai, "Nipeni mji." Hapo humpa mji: nenda Tabora, nenda Unguja, nenda Mwanza. Akiukataa hupewa mwingine, hata aupate unaompendeza. Akisha kuupokea huanza kutuhadithia safari yake: alivyofika, alivyolakiwa, alichokula, na wenyeji walivyomwuliza habari zetu. Mwisho ndipo atupapo jibu.

Hayo basi ndiyo mashindano ya maswali yenye zawadi ya safari, nayo yako tangu zamani. Lakini yaangalieni mambo mawili yaliyomo. Kwanza, aliyeshindwa ndiye atoaye mji. Aliyeshinda hatoi kitu. Pili, aliyepewa mji hana ruhusa ya kukaa kimya. Hana budi kuwasimulia wenzake aliyoyaona huko. Tungaliyakumbuka hayo mawili, yasingalitupata yaliyotupata.

Mwaka jana, wakati wa kiangazi, mmoja wetu katika Halmashauri aliona katika simu yake tangazo la mashindano. Maswali yalikuwa matatu tu: mlima mrefu kuliko yote Afrika ni upi, Unguja iko katika bahari gani, na mnyama aitwaye mfalme wa nyika ni nani. Zawadi ilikuwa safari ya siku nne Unguja kwa watu wawili, pamoja na ndege, chumba na chakula. Tukajibu kwa jina la chama, tukiwaza kwamba tukishinda tutapiga kura ili wanachama wawili waende.

Siku ya tisa simu ikalia. Msemaji alikuwa mwenye sauti ya adabu na Kiswahili safi. Akatupa hongera, akataja majibu yetu yote matatu, kisha akasema imebaki kodi ya zawadi, shilingi 150,000, nayo sharti ifike kabla ya jua kuchwa. Isipofika, zawadi itapewa mshindi wa pili. Mzee wetu wa mlangoni, mlinzi wa zamu ya usiku, alikuwa amekwisha kufika kazini, akiyasikia yote. Akatuuliza, "Wanangu, mbona aliyeshinda ndiye anayelipa?" Tukatabasamu, tukamwambia kwamba mambo ya siku hizi yana taratibu zake. Naye akanyamaza, kwa kuwa ni mtu wa heshima.

Fedha ile tuliitoa katika mfuko wa rambirambi, kwa nia ya kuirudisha mwisho wa mwezi. Siku mbili baadaye tukatakiwa shilingi 90,000 nyingine, ati za bima ya safari. Tukazituma nazo. Jumla ni shilingi 240,000. Tangu siku ile namba ile haikupatikana tena.

Juma lililofuata mwenzetu mmoja alifiwa na mama yake huko Meatu. Mwajua desturi yetu: mfiwa hupelekewa shilingi 300,000 siku ileile. Tulipofungua mfuko tulikuta shilingi 110,000. Tukampelekea hizo, tukamwambia nyingine zafuata. Alizipokea kwa mikono miwili, akashukuru, wala hakuuliza neno. Maneno makali yangalikuwa mepesi kwetu kuliko shukrani ile.

Fedha yote tumekwisha kuirudisha kutoka katika mishahara yetu wenyewe, na mwenzetu alimaliziwa haki yake baada ya arobaini. Daftari liko mezani hapa, na kila mwanachama ana ruhusa ya kulikagua. Lakini fedha iliyorudi imechelewa, na maziko hayangoji. Kwa hiyo twawaomba radhi, na zaidi ya wote twamwomba radhi yeye, mbele yenu.

Tulitenda kosa la pili pia, nalo ni kunyamaza. Tuliona haya kwenda kituo cha polisi, maana tulifikiri watu watasema, "Hao ndio wasomi wa Bariadi!" Sasa twaona kwamba haya ya aliyeibiwa ndiyo ngao ya mwizi. Anyamazaye amwachia tapeli njia wazi ya kumfikia jirani yake. Mamlaka ya Mawasiliano imeweka namba 15040 ya kupelekewa habari za ujumbe wa utapeli, na polisi wako karibu. Likimpata mwanachama jambo kama hili, atoe habari siku ileile, asingoje kama tulivyongoja sisi.

Baada ya msiba huo wako waliosema tuachane kabisa na mashindano ya maswali. Sisi hatukubali, kwa maana mtu aumwaye na nyoka shambani haachi kulima; hujifunza kutazama aendako. Yafaa basi tuyatenge mambo matatu ambayo watu huyachanganya.

La kwanza ni mashindano ya kweli. Mwenye biashara ya safari, au gazeti, au kituo cha redio, hutoa maswali na kuahidi zawadi. Hafanyi hivyo kwa sadaka. Maswali yakiwa mepesi mno, hata mtoto wa darasa la tatu aweza kuyajibu, jueni kwamba shabaha si kupima akili zetu, bali ni kupata majina na namba zetu, ili baadaye tutangaziwe bidhaa. Si dhambi, lakini ni bei, na mtu hana budi kujua alipacho. Tangu Mei 2023 yatumika kwetu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyopitishwa mwaka 2022, nayo yatupa haki ya kujua taarifa zetu zachukuliwa kwa kazi gani.

La pili ni bahati nasibu, yaani mtu hununua nafasi, na mshindi hupatikana kwa kura. Hiyo ina Bodi yake ya Michezo ya Kubahatisha, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2003, na mwenye kuiendesha hana budi kuwa na leseni.

La tatu ni wizi uliovaa nguo za hayo mawili. Alama zake ni tatu: mshindi hutakiwa kulipa kwanza, hulipa kwa namba ya simu ya mtu binafsi, na huharakishwa, asipate nafasi ya kushauriana na mwenziwe. Ukiiona hata moja, simama. Kodi ya haki haipelekwi katika simu ya mtu. Naye mzee wetu wa mlangoni aliijua alama ya kwanza pasipo kusoma sheria yoyote, kwa kuwa alivijua vitendawili.

Atakaye kuingia katika mashindano ya kweli, na ashike haya. Asome masharti yote kabla ya kujibu. Atazame siku ya mwisho, na kama watumishi wa mtoa zawadi na jamaa zao wamezuiwa. Ajibu lile aliloulizwa, asiongeze. Akitakiwa kuandika sentensi isiyozidi maneno 20, na ayahesabu, maana mwenye kuandika 21 hutupwa nje hata kama ana maneno ya dhahabu. Aulize safari yaanzia wapi. Zawadi ianziayo Dar es Salaam yaweza kumgharimu mtu wa Bariadi nauli nyingi kabla hajaionja. Aulize yatumika tarehe zipi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yatupa siku 28 za likizo kwa mwaka, wala haisemi kwamba mkuu wa kazi atazisogeza kwa ajili ya hoteli. Tena asihesabu zawadi kabla ya kuipata. Wakijibu sawasawa watu 20,000 na safari ni moja, yeye ni mmoja katika umati wa 20,000.

Mtu atauliza, "Ikiwa ni hivyo, faida iko wapi?" Faida iko katika kutafuta jibu. Maswali mazuri ni yale yamwondoayo mtu katika kiti, akaenda kutazama ramani. Na hapa twaungama jambo jingine.

Mwezi uliopita sisi wajumbe saba wa Halmashauri tulijitahini wenyewe. Swali la kwanza lilikuwa: hifadhi ya taifa iliyo kubwa kuliko zote Tanzania ni ipi? Wote saba tuliandika Serengeti, na wote tukakosa. Serengeti ina kilomita za mraba 14,763. Ilipitwa na Ruaha mwaka 2008, Ruaha ilipoongezewa eneo la Usangu. Na mwaka 2019 Ruaha nayo ikapitwa na Hifadhi ya Nyerere, iliyokatwa katika Pori la Akiba la Selous, yenye kilomita za mraba zaidi ya 30,000. Tulikuwa tukilitegemea jibu la kale kama mtu ategemeaye fimbo iliyoliwa na mchwa.

Swali la pili: Mkoa wa Simiyu ulizaliwa lini, na kutoka wapi? Watatu tu walijibu kamili, kwamba ni mwaka 2012. Bariadi, Itilima, Maswa na Meatu zilitoka upande wa Shinyanga, na Busega ikatoka Magu katika Mkoa wa Mwanza. Nasi tuliokosa huandika jina la mkoa huu kila siku juu ya barua!

Swali la tatu: Serengeti ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka gani, na ikatiwa lini katika Urithi wa Dunia? Ni 1951 na 1981. Mmoja alijua.

Swali la nne lilikuwa: kwa nini nyumbu huzalia kusini mwa Serengeti, wala si kaskazini kwenye maji mengi? Hapo tulitazamana. Tukamwita mzee wa mlangoni, aliyechunga ng'ombe utotoni huko Itilima. Akajibu pasipo kufikiri sana, "Mnyama mwenye ndama hufuata majani mafupi yenye nguvu, tena hukaa mahali peupe, apate kumwona adui." Tulipotafuta katika vitabu tukakuta ndivyo. Udongo wa nyanda za kusini umetokana na majivu ya volkano za nyanda za juu za Ngorongoro, na majani yake mafupi yana madini yamfaayo mama anyonyeshaye. Nyumbu huzalia huko kati ya Januari na Machi. Mvua zikiisha huelekea magharibi, kwenye mto Grumeti, kama mwezi Mei na Juni. Kisha hupanda kaskazini hata mto Mara, kati ya Julai na Oktoba. Na mvua za vuli huwarudisha kusini.

Basi mzee yule hangaliweza kuingia katika mashindano mengi yaliyopo, kwa sababu huandikwa kwa Kiingereza, na hutaka simu ya bei kubwa. Ajuaye hakuulizwa, na tulioulizwa hatukujua.

Swali la tano lilituumiza zaidi. Ni nani kati yetu aliyepata kuingia Serengeti? Wawili, na mmoja wao alikwenda kikazi kupeleka barua. Mkoa wetu wapakana na Serengeti. Pori la Akiba la Maswa liko kwetu, na la Kijereshi liko Busega. Kutoka hapa Bariadi mpaka Lamadi ni barabara ya lami ya kilomita kama 70, na lango la Ndabaka li karibu mara upitapo Lamadi kwenda Bunda. Wageni huvuka bahari mbili kuja kuona nyama hao, nasi tulikuwa tukituma fedha ya rambirambi kwa mtu tusiyemjua ili atupeleke mbali.

Katika chama cha watumishi kama hiki haifai tuwasahau waliotutangulia. Mwaka 1922, kule Tanga, Martin Kayamba, karani wa serikali, alianzisha pamoja na wenziwe chama cha watumishi wa serikali Waafrika wa Tanganyika. Mwaka 1931 alivuka bahari hata London, yeye na Francis Lwamugira wa Bukoba, na Mtemi Makwaia wa Usiha katika Shinyanga, ambaye ni jirani yetu hapa. Hawakuchaguliwa kwa kura ya bahati. Walipelekwa kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza, iliyokuwa ikifikiri habari ya kuziunganisha nchi za Afrika ya Mashariki, kwa kuwa walijua mambo ya nchi yao na waliweza kuulizwa wakajibu. Nayo yalikuwa maswali mazito kuliko ya tangazo lolote. Kayamba aliporudi hakukaa na safari yake kifuani. Aliandika kitabu, Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza, ili asiyefika apate kusoma. Alipewa mji, naye akatuhadithia.

Sasa shauri letu ni hili. Chama kiwe na mashindano yake ya maswali, mara moja kwa mwaka, mwezi wa Mei. Maswali yawe 20, yote ya nchi yetu: milima, mito, historia, wanyama, mazao, barabara, na mila za makabila. Yaandikwe kwa Kiswahili. Asiyependa kuandika aruhusiwe kujibu kwa mdomo mbele ya waamuzi. Yawe wazi kwa watumishi wote, mkuu wa idara na tarishi, mwalimu na mwuguzi, dereva na mlinzi, pasipo daraja. Waamuzi wawe walimu watatu wasio katika Halmashauri, nasi wa Halmashauri tusishindane mwaka wa kwanza. Adhabu hiyo twaistahili.

Zawadi iwe siku moja Serengeti kwa kupitia Ndabaka, Jumamosi mojawapo ya Juni, wakati nyumbu wakiwa upande wa magharibi. Tutakodi gari. Washindi watatu watakaa bure. Wengine wapendao watalipa sehemu yao. Kiingilio cha raia ni kidogo mno kuliko cha mgeni, na mwenye kitambulisho cha taifa asikisahau nyumbani.

Fedha isitoke katika mfuko wa rambirambi, hata shilingi moja. Mfuko ule ufungwe kwa sahihi tatu, na mmoja wa wenye sahihi asiwe mjumbe wa Halmashauri. Wapendao safari watoe shilingi 2,000 kwa mwezi tangu Novemba hata Aprili. Wakiwa 30, kwa miezi sita zitapatikana shilingi 360,000. Si fedha nyingi, wala haitamaliza gharama zote, lakini ni yetu, na twaijua iliko.

Twajua wako watakaopinga. Mwenzetu mmoja amekwisha kutuambia kwamba siku za likizo ni za palizi ya pamba, misiba na harusi, na mtu mwenye watoto shuleni hana haki ya kwenda kutazama pundamilia. Neno lake lina uzito, wala hatulidharau. Lakini twamjibu kwa upole: siku moja katika mwaka haitaharibu shamba, na mtoto ambaye baba yake au mama yake ameiona Serengeti kwa macho atasimuliwa jambo ambalo kitabu cha shule hakitampa. Mwingine amesema, "Mlipoteza fedha yetu, leo mwataka nyingine?" Huyo hatuna la kumjibu ila daftari lile lililo mezani. Akiona halimtoshi, na apige kura ya kukataa, nasi hatutamnung'unikia.

Sharti moja twaliomba liandikwe juu ya mengine yote. Kila mshindi akirudi, katika mkutano utakaofuata, asimame hapa atusimulie: alivyofika, alichokiona, alichouliza, na alichojibiwa. Asiyeweza kwenda, kwa ugonjwa au kwa umaskini, apate sehemu yake kwa masikio. Atakayeona haya kusimulia, na amwachie mwingine kiti chake garini.

Jana tulimwendea mzee wetu wa mlangoni, tukamwomba radhi kwa tabasamu lile. Tukamwuliza kama atashindana, likikubaliwa shauri hili. Akasema atashindana, ila ana ombi: swali la nyumbu lisiulizwe, kwa kuwa jibu lake amekwisha kututolea, na haifai mtu kupewa mji kwa kitendawili kilichokwisha kufumbuliwa.

Bwana Mwenyekiti, hayo ndiyo yetu. Twaomba kura ipigwe leo, kwa kuinua mikono, na hesabu yake iandikwe katika kumbukumbu za mkutano.